Alama za usanifu zimepotea kwenye AutoCAD: urudishe programu-jalizi ya zamani, uzivune alama kwenye michoro yako, au uhamie maktaba nyingine?

Mchoraji wa ramani anafungua AutoCAD, programu ya kuchorea majengo kwa kompyuta, asubuhi, siku moja baada ya fundi kumwekea toleo jipya, anatafuta paleti, yaani kidirisha cha vitufe vya alama, ya milango na vyombo vya choo pale pembeni ilipokaa kwa miaka, na haipo. Pengine ipo, lakini kila akibofya mlango wa milimita 900 anaambiwa kuwa faili chanzo haikupatikana. Ramani ya mteja inatakiwa Ijumaa. Hapo ndipo wengi hukimbilia njia ya kwanza inayowajia kichwani, wakapoteza siku mbili ambazo hawakuwa nazo. Makala hii inalinganisha njia nne za kutoka kwenye hali hiyo kwa vigezo vilevile, ili kila mmoja achague kulingana na kazi iliyo mezani kwake.

Kimepotea nini hasa?

Tumezoea kuita kwa jina moja vitu viwili tofauti. Programu-jalizi ya alama, yaani programu ndogo inayoongezwa ndani ya AutoCAD, ina alama zenyewe, yaani bloku (michoro midogo iliyounganishwa kuwa kitu kimoja chenye jina) zilizohifadhiwa ndani ya faili za DWG, ambazo ndizo faili za michoro ya AutoCAD, na ina mitambo ya kuziweka mahali pake: menyu, paleti, na misimbo iliyoandikwa kwa AutoLISP, ARX au .NET, ambazo ni njia za kuiandikia AutoCAD programu, inayokata ukuta mlango unapopachikwa, inayochagua leya (tabaka la mchoro) inayofaa na inayoandika namba ya mlango. Alama ni mchoro tu, na mchoro uliohifadhiwa kwa muundo wa AutoCAD 2000 bado unafunguka leo bila shida. Mitambo ndiyo inayokufa. AutoCAD 2010 iliacha kuja na VBA, njia nyingine ya kuandikia misimbo hiyo, ndani yake, hivyo ikabidi VBA ipakuliwe na kuwekwa peke yake. AutoCAD 2019 ndiyo ya mwisho kutolewa kwa Windows ya biti 32. AutoCAD 2025 ilihamia .NET 8, na programu-jalizi nyingi zilizoandikwa kwa .NET ya zamani zinahitaji kutengenezwa upya ili zifanye kazi humo. Aliyehama kutoka AutoCAD kamili kwenda AutoCAD LT, toleo lake lililopunguzwa uwezo, naye anapaswa kujua kwamba LT haikuwa ikiendesha AutoLISP hadi toleo la 2024, kwa hiyo katika LT ya kabla ya hapo alama zinaweza kuwapo zote huku vitufe vyake havifanyi lolote.

Kwa sababu hiyo, nusu saa ya kwanza itumike kuthibitisha kama kuna kilichopotea kweli. Andika OPTIONS, uangalie njia za utafutaji wa faili, kisha uthibitishe kama folda ya alama bado iko pale inapotajwa. Andika MENUBAR na uipe thamani ya 1, kwa kuwa menyu nyingi za zamani zimefichwa tu. Tumia CUILOAD kupakia tena faili ya menyu, na APPLOAD kuona kama msimbo umepakiwa. Tangu toleo la 2014, AutoCAD ina ulinzi unaoitwa SECURELOAD, ambao huzuia au hutilia shaka msimbo ulio nje ya folda zilizoorodheshwa katika TRUSTEDPATHS, na watumiaji wengi huona matokeo ya ulinzi huo wakadhani programu imefutika.

Ofisini kwetu kijana mmoja alinijia uso umemsawijika, akaniambia, “Mzee, alama zote zimekwenda.” Tulipokaa kuangalia, kumbe folda ilikuwa salama kabisa kwenye diski ya pili. Kompyuta mpya ilikuwa imeipa diski hiyo herufi E badala ya D, na kila kitufe cha paleti kilikuwa bado kinatafuta D. Tulibadilisha herufi, tukafunga programu na kuifungua tena, na milango yote ikarudi. Angekuwa amechora upya alama zake kwa siku tatu bila sababu.

Vigezo vya kulinganisha

Baada ya kuthibitisha kwamba kweli kuna upotevu, kila njia ipimwe kwa mambo matano: muda inaochukua hadi uweze kuchora tena, uaminifu wake kwa michoro ya zamani, hasa majina na maumbo ya bloku, kiasi cha kazi ya moja kwa moja kinachorudi, kama kukata ukuta na kuhesabu milango, usalama wa faili na uhalali wa leseni, na uwezekano wa kuvuka matoleo yajayo bila kupotea tena. Kati ya hayo matano, mimi huupa uzito uaminifu kwa michoro ya zamani, kwa kuwa ofisi nyingi ndogo hurudi kwenye ramani za miaka iliyopita mteja anapoongeza ghorofa au banda la uani. Mwanafunzi asiye na kabati la michoro ya nyuma atapima tofauti, naye atakuwa na haki.

Njia ya kwanza: kuirudisha programu-jalizi yenyewe

Kwa upande wa muda, njia hii huchukua dakika chache au wiki nzima, kutegemea kilichobaki. Kama kisakinishi kipo na mtengenezaji bado anatoa toleo linalolingana na AutoCAD yako, kazi huisha kabla ya chai. Kama hakipo, msako huanzia kwenye diski ya kompyuta ya zamani. Fungua folda ya Autodesk iliyo ndani ya AppData ya mtumiaji, utafute folda ya ToolPalette inayohifadhi paleti, na folda ya ApplicationPlugins ambamo programu-jalizi za siku hizi hukaa zikiwa na majina yanayoishia na neno bundle. Ikiwa Windows ndiyo iliyopandishwa toleo, ya zamani huhifadhiwa katika folda ya Windows.old, lakini kwa kawaida mfumo huifuta wenyewe baada ya siku 10, kwa hiyo nakili unachokitaka mapema. Ikiwa mtu alirudisha mipangilio ya AutoCAD kuwa ya kiwandani, muulize kama alikubali kuhifadhi nakala kabla ya kuirudisha, maana chombo cha kurudisha mipangilio humpa mtumiaji nafasi hiyo na nakala hubaki kama faili ya zipu.

Kama faili zilifutwa kabisa, mambo ni mawili. Diski ya sahani inayozunguka mara nyingi hurudisha kilichofutwa, ilimradi uache kuitumia papo hapo na usisakinishe chochote juu yake, hata hiyo programu ya kurejesha. Diski ya SSD hutumia utaratibu wa TRIM, ambao husafisha nafasi ya faili iliyofutwa, na matumaini huwa madogo sana hata baada ya muda mfupi.

Kwa uaminifu kwa michoro ya zamani, hakuna njia inayoifikia hii. Majina ya bloku ni yaleyale, na kama programu-jalizi ilikuwa ikitengeneza vitu vyake maalumu badala ya bloku za kawaida, ni yenyewe tu, au kiwezeshi (programu ndogo ya kuvisoma vitu hivyo) kilichotolewa na mtengenezaji wake, kinachoweza kuvihariri ipasavyo. Bila hivyo, vitu hivyo huonekana kama vivuli: unaviona kwenye skrini lakini huwezi kuvihariri kama zamani. Kazi ya moja kwa moja nayo hurudi yote.

Udhaifu uko katika vigezo viwili vya mwisho. Msimbo wa ARX hutengenezwa kwa ajili ya kundi fulani la matoleo, na kundi jipya likija huhitaji kutengenezwa upya. Kama mtengenezaji ameshafunga biashara, unarudisha kitu ambacho kitakufa tena. Kuhusu usalama, nasema bila kuzunguka: usipakue nakala iliyovunjwa leseni kutoka kwa usiyemjua. AutoCAD huweza kupakia faili za acad.lsp na acaddoc.lsp zikiwa kwenye njia zake za utafutaji, na wahalifu wametumia mlango huohuo. Mwaka 2012 kampuni ya usalama ya ESET ilitangaza kugundua programu hasidi iliyoitwa ACAD/Medre.A, iliyoandikwa kwa AutoLISP, iliyoenea zaidi nchini Peru na kutuma michoro ya watu kwa barua pepe hadi kwenye anwani zilizokuwa China. Ukikuta acad.lsp ndani ya zipu ya alama za vitanda na masinki, usiipakie. Ifungue kwa Notepad kwanza uisome.

Njia hii inawafaa wenye leseni halali, wenye mtengenezaji aliye hai, au wenye michoro mingi iliyojaa vitu maalumu ambavyo haviwezi kuhaririwa kwa namna nyingine.

Njia ya pili: kuvuna alama kutoka kwenye michoro yako

Watu wengi hawafikirii kwamba kila ramani waliyowahi kuichora ni ghala. Bloku ikishapachikwa kwenye mchoro, umbo lake lote huhifadhiwa ndani ya mchoro huo, hata kama faili iliyotoka imefutwa duniani kote. Ukibonyeza Ctrl na 2, au ukiandika ADCENTER, utafungua dirisha linalokuruhusu kuingia ndani ya DWG yoyote na kuona bloku zake bila kuufungua mchoro wenyewe. Kuanzia AutoCAD 2020 kuna pia paleti ya bloku inayofanya jambo la karibu na hilo.

Muda wake unatabirika. Ukichagua michoro kama kumi inayotofautiana, kwa mfano nyumba ya kuishi, zahanati, jengo la ofisi na shule, siku moja au mbili zinatosha kukusanya alama unazozitumia kweli. Buruta bloku moja moja na kuziweka kwenye mchoro mmoja mpya, uzipange kwa safu, uhifadhi faili hiyo mahali pa kudumu, kisha rudi ADCENTER, ubofye faili hiyo kwa kitufe cha kulia na kuagiza itengenezewe paleti. Mpangilio huo ni wa lazima kwa sababu paleti hukumbuka mahali faili chanzo ilipo. Ukiitengeneza wakati faili iko kwenye flashi, siku utakayochomoa flashi utarudi palepale.

Usafi wa mavuno ndio unaochukua akili. Chukua mlango mmoja kama mfano. Mlango wa milimita 900 uliovunwa kwenye mchoro wa mwaka 2011 unaweza kuwa na sehemu ya kupachikia iliyo mbali na mlango wenyewe, tao lililochorwa kwenye leya ya mteja yule wa zamani, na rangi iliyolazimishwa kuwa nyekundu. Fungua bloku kwa BEDIT, amri ya kuihariri, usogeze mlango ili kona ya bawaba ikae kwenye chimbuko, uhamishie mistari yote kwenye leya 0 na uipe rangi ya ByLayer, yaani ile inayofuata leya. Mlango huo, ukipachikwa kwenye leya ya milango, utachukua rangi na unene wa mstari wa leya hiyo. Dakika tano kwa kila alama, nazo zinakuokoa kila siku ya kazi inayofuata.

Mambo matatu hukwamisha uvunaji. La kwanza, baadhi ya programu-jalizi hutengeneza bloku zisizo na jina la kawaida, zenye majina yanayoanza na *U au *X, na hizo hazijitokezi katika orodha. Itabidi ufungue mchoro, uzilipue kwa EXPLODE na kuzitengeneza tena kwa jina jipya. La pili, vile vitu maalumu vilivyotajwa juu havivuniki. Kama vilitengenezwa na AutoCAD Architecture, amri ya EXPORTTOAUTOCAD hukupa nakala ya mchoro iliyogeuzwa kuwa mistari na bloku za kawaida. La tatu ni majina yanayogongana: ukiburuta bloku iitwayo DR1 kwenye mchoro ambao tayari una DR1 nyingine, AutoCAD hubaki na ile iliyokuwamo na kuipuuza mpya, ikiacha ujumbe mfupi tu kwenye mstari wa amri. Nimeona ramani ikitoka na milango ya bafu mahali pa milango mikuu kwa sababu hiyo.

Uaminifu wa njia hii kwa michoro ya nyuma ni mkubwa, kwa kuwa alama ni zilezile. Kazi ya moja kwa moja hairudi: ukuta utaukata mwenyewe kwa amri ya AutoCAD iitwayo TRIM. Usalama ni mzuri, maana faili ni zako, ingawa masharti ya leseni ya programu-jalizi iliyonunuliwa yasomwe kabla ya kuwagawia wengine alama zake. Na kwa kuvuka matoleo, bloku za kawaida ndizo zenye maisha marefu kuliko kitu kingine chochote katika programu hii.

Inawafaa ofisi zenye michoro mingi ya nyuma na alama zisizopatikana kwingine.

Njia ya tatu: kutumia maktaba iliyo tayari

AutoCAD yenyewe huja na michoro ya mfano ndani ya folda ya Sample, sehemu ya DesignCenter, kama House Designer, Home - Space Planner, Kitchens na Landscaping. Wenye usajili wa AutoCAD kamili kwenye Windows wana pia zana za Architecture, ambazo tangu AutoCAD 2019 zimejumuishwa katika usajili bila malipo ya ziada. LT haina zana hizo. Watengenezaji wa vyombo vya choo, taa na samani nao hutoa bloku za bidhaa zao, na mtandaoni zipo za bure zisizo na hesabu.

Kwa muda, hii ndiyo ya haraka: dakika kumi na unachora, isipokuwa zana za Architecture, ambazo ni mzigo mkubwa wa kupakua na zinahitaji kujifunza. Kwa kazi ya moja kwa moja, zana hizohizo zinaongoza: mlango ukiwekwa kwenye ukuta wake, ukuta unajikata wenyewe, na jedwali la milango linajihesabu.

Kigezo cha michoro ya zamani ndipo panapouma. Alama hazitafanana na zako, na ramani moja yenye milango ya mitindo miwili humtia mashaka anayeikagua. Vipimo navyo vinahitaji uangalifu, kwa kuwa sehemu ya mifano hiyo imechorwa kwa inchi. Mlango wa inchi 36 ni milimita 914.4. Kama INSUNITS, mpangilio unaotaja kizio cha vipimo, ya mchoro wako na ya chanzo zimewekwa sawasawa, AutoCAD hukokotoa yenyewe, lakini zikiachwa sifuri mlango huo unaweza kuingia ukiwa na upana wa milimita 36, ukaonekana kama doa. Tena maktaba hizi zilitungwa kwa nyumba za kwingine. Utapata jiko la visahani vinne na jokofu la milango miwili, ila choo cha kuchuchumaa, tangi la maji juu ya mnara wake, dirisha la vioo vya kupangana na jiko la uani utavitafuta sana. Kwa mchoraji wa Mwanza au Mombasa hivyo ndivyo vitu vya kila siku.

Usalama unategemea chanzo. Faili ya mtandaoni ipitishe kwenye AUDIT, amri ya kukagua makosa, na PURGE, amri ya kuondoa visivyotumika, ikiwa mchoro wa peke yake, kabla haijagusa kazi ya mteja, kwani mti mmoja uliochorwa kwa maelfu ya mistari unaweza kuifanya ramani nzima kuwa nzito. Zana za Architecture nazo hutengeneza vitu maalumu, kwa hiyo unayemtumia mchoro akiwa na programu nyingine, mpe nakala iliyopitia EXPORTTOAUTOCAD.

Inawafaa wanaoanza, wenye mradi mpya usiofungwa na michoro ya nyuma, na walio tayari kubadilisha namna yao ya kuchora.

Njia ya nne: kutengeneza bloku badilifu zako mwenyewe

Tangu AutoCAD 2006, bloku moja inaweza kubeba vipimo kadhaa na kugeuzwa upande. Mlango mmoja unatosha kwa upana wa 700, 800 na 900, kushoto na kulia. Muda ni mwingi mwanzoni, pengine nusu siku kwa familia ya milango peke yake. Uaminifu kwa michoro ya zamani ni mdogo, isipokuwa uanze na alama ulizozivuna kwa njia ya pili. Sehemu ya kazi ya moja kwa moja inarudi bila msimbo wowote, na kwa kuwa hakuna msimbo, toleo jipya halina cha kuvunja. Leseni ni yako. Inamfaa mwenye subira na mwenye mtu ofisini anayependa kazi ya aina hii.

Kulingana na hali yako

Ukiwa na kazi ya kukabidhi ndani ya siku mbili na michoro ya nyuma ipo, vuna alama kumi unazozihitaji kwa mchoro huo tu, uache nyingine hadi baada ya kukabidhi. Usianze msako wa kisakinishi wiki hiyo.

Ikiwa michoro yako ya zamani inakuonya kuhusu vitu maalumu kila inapofunguka, tafuta kwanza programu-jalizi au kiwezeshi chake, hata kama ni kwenye kompyuta moja ya zamani yenye toleo la zamani. Igeuze michoro yote kuwa vitu vya kawaida ukiwa bado na uwezo huo, kisha ndipo uamue utaendelea na nini.

Ikiwa umehamia LT ya kabla ya 2024, usipoteze muda kutafuta vitufe vya AutoLISP. Uvunaji na bloku badilifu ndizo njia zako, au upande hadi toleo linaloiendesha.

Ikiwa ofisi ina wachoraji watano na kila mmoja ana alama zake, upotevu huu ni nafasi ya kukubaliana juu ya faili moja. Mtu mmoja avune, mwingine akague vipimo na leya, na faili iwekwe kwenye diski ya pamoja ambayo wengine wanaisoma tu bila kuihariri. Njia ya folda hiyo iongezwe kwenye TRUSTEDPATHS endapo tu kuna msimbo wa kupakia, kwani bloku hazihitaji ruhusa hiyo.

Na ikiwa wewe ni mwanafunzi au umeanza kazi mwaka huu, chukua maktaba iliyo tayari kwa samani na miti, hakikisha INSUNITS yako ni milimita, halafu uchore mwenyewe choo cha kuchuchumaa, tangi na dirisha la vioo, ukivihifadhi kimoja kimoja kwa WBLOCK, amri inayoihifadhi bloku kama faili yake yenyewe, ndani ya folda yenye nakala ya pili nje ya kompyuta hiyo.